Mrejesho: pikapu ya zamani yenye matangi mawili

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini pikapu yangu ya kabureta ikitumia tangi la nyuma, lile la mbele linajaa lenyewe mpaka mafuta yanavuja mdomoni. Wengi mlisema pampu, na mimi nilishaanza kutafuta mpya. Kumbe pampu haina kosa.

Aliyetaja valvu ya kuchagua tangi ndiye aliyepatia. Ile valvu ina kazi mbili: kuchagua tangi la kuvuta mafuta, na kurudisha mafuta ya ziada, yale ambayo injini haikuyatumia, kwenye tangi lilelile. Yangu ilikwama upande wa kurudisha, basi ikawa inavuta nyuma na kumwaga mbele. Nilichomoa mpira wa kurudishia unaoelekea tangi la mbele, nikauelekeza kwenye chupa, injini ikiwa inatumia la nyuma. Mafuta yakatoka! (Moto na sigara viwe mbali kabisa.)

Nimeweka valvu mpya na mipira yote, maana ya zamani ilikuwa imepasukapasuka. Kilichobaki ni geji ya mafuta: nikihamia tangi la nyuma inalala sifuri ingawa mafuta yamo. Nitaanza na waya wa athi (unaorudisha umeme kwenye bodi) wa boya, kile kielea cha ndani ya tangi kinachoipa geji kiwango cha mafuta.