Noah, Ipsum, Serena na ndugu zao: kiwanda kikiita gari lako nawe uko Mwanza, unafanyaje? Tupeane uzoefu

Mzee wa Nyegezi (mwanzisha mada)

Wadau wa magari Kanda ya Ziwa, salaam. Kuanzia Buzuruga hadi Nyegezi, minivani ndiyo gari la familia, la harusi, la msiba na la abiria wa kuelekea Usagara. Nyingi zina miaka 15 hadi 25 tangu zitoke kiwandani. Kiwanda kikigundua kosa la usalama kwenye gari lililokwisha uzwa, hutangaza na kuwaita wenye magari hayo wayarudishe yarekebishwe bure. Mwenye gari aliyeko Japani hupata barua nyumbani kwake. Sisi tunaolipata limepita mikono mitatu, barua haitufikii. Anayejua jinsi ya kuangalia, jinsi ya kurekebisha na jinsi ya kujihadhari wakati wa kusubiri, aweke hapa. Naomba tutaje hatua na vipimo, habari za "nasikia" tuziache kijiweni.

Chesisi Kwanza

Mkuu, kila kitu kinaanzia kwenye namba ya chesisi. Kuuliza "Noah zimeitwa?" hakusaidii, kwa sababu kiwanda huita kundi la namba, toka namba fulani hadi fulani. Noah mbili za mwaka mmoja na rangi moja, moja imo na nyingine haimo.

Gari la soko la Japani halina ile namba ya tarakimu na herufi 17. Lina kodi ya modeli, kistari, halafu tarakimu sita au saba, mfano AZR60-xxxxxxx. Kodi hiyo pekee inakueleza mengi: SR40 na SR50 ni Noah za zamani zenye injini chini ya siti za mbele, AZR60 na AZR65 ni za kuanzia 2001, ZRR70 na ZRR75 ni za kuanzia 2007. Ipsum ya pili ni ACM21 au ACM26. Serena nyingi za hapa ni C25.

Isome kwenye kibati cha gari lenyewe, halafu uilinganishe na kadi. Usitegemee kadi peke yake, maana tarakimu moja ikikosewa wakati wa kuandikwa, unaangalia gari la mtu mwingine.

Tovuti ya Toyota ya Japani ina ukurasa wa kutafuta kwa chesisi. Kuna visanduku viwili: cha kwanza weka herufi na namba za kabla ya kistari, cha pili weka tarakimu za baada ya kistari, pamoja na sifuri za mwanzo. Honda, Nissan na Mazda nao wana kurasa zao. Maandishi ni ya Kijapani, lakini simu inayotafsiri kwa kamera inatosha. Na hata ikigoma, shika herufi mbili tu: 未 maana yake kazi bado haijafanyika, 済 maana yake imekwisha fanyika.

Utakutana na aina tatu za tangazo. "Rikoru" ndiyo nzito, gari halitimizi sheria ya usalama. "Kaizen taisaku" sheria haikuvunjwa lakini hatari ipo. "Sabisu kyanpen" ni ya ubora tu, kama kelele au kitu kuchakaa mapema. Mbili za kwanza zishughulikie, ya tatu inaweza kungoja.

Kama gari lako lilitengenezwa kwa soko la Marekani, kama Sienna, lina namba ya 17 na unaliangalia kwenye tovuti ya NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani.

Fundi Rewaya Igoma

Niongezee kwenye lile linaloua, yaani eabegi (mifuko ya hewa ya kukinga watu gari likigonga) za Takata, kampuni ya Kijapani. Ndani ya eabegi hizo kuna kopo la chuma lenye vidonge vya amonia nitrati. Gari likigonga, vidonge vinaungua na gesi inajaza mfuko. Vidonge hivi vinanyonya unyevu. Mchana dashibodi inachemka juani, usiku inapoa, na hivyo miaka kumi, kumi na tano. Vinaanza kupasuka na kuwa unga. Unga unaungua haraka kuliko kidonge kizima, presha inapanda kupita kiasi, kopo linapasuka na vipande vyake vinarushwa kwenye shingo na uso wa mtu. Ajali ndogo ambayo mtu angetoka nayo na michubuko inakuwa ya kifo. Marekani pekee waliokufa ni zaidi ya 25, na makopo yaliyoitwa huko ni kama milioni 67. Kampuni yenyewe ilifilisika Juni 2017.

Sasa sikilizeni hili linalotuhusu moja kwa moja. Japani ilianza Mei 2018 kuyanyima ukaguzi wa lazima magari yenye eabegi hizo ambazo hazijabadilishwa. Kabla ya hapo gari liliweza kupita ukaguzi na kuuzwa nje likiwa na kopo lilelile. Minivani nyingi za usajili wa namba B, C na za mwanzo za D zilishuka bandarini kabla ya mwaka huo. Hizo ndizo za kuanza nazo.

Na kama kumbukumbu inaonyesha eabegi ilishabadilishwa miaka ya mwanzo, angalia tena. Baadhi ya magari yaliwekewa kopo jipya la aina ileile kwa muda, kisha yakaitwa mara ya pili.

Mama Ipsum Kirumba

Kaka fundi, nikishajua kwamba gari limeitwa na kazi haijafanyika, hapa Mwanza naanzia wapi? Na je, niendelee kupeleka watoto shule nalo?

Chesisi Kwanza

Dada, anza na wakala rasmi wa chapa ya gari lako nchini. Usiende mikono mitupu. Piga picha nne: kibati cha chesisi, kadi ya gari, ukurasa wa matokeo ukiwa na namba ya tangazo, na dashibodi ikionyesha kilomita. Tuma kwa barua pepe na uombe jibu la maandishi kwa maswali matatu: je, watafanya kazi hii kwa gari lililoingia mtumba kutoka Japani, spea ipo au inaagizwa, na kuna gharama yoyote? Mwito wa kiwanda hauna tarehe ya gari kuzeeka, kwa hiyo jibu la "gari lako la zamani sana" lisikurudishe nyumbani. Wakisema spea haipo, omba jina lako liingizwe kwenye orodha na uulize kila mwezi.

Kuhusu watoto: wakae nyuma, wote, na mikanda. Siti ya mbele kushoto iache wazi mpaka kazi ifanyike, hata kama shangazi anasema nyuma kunamtia kichefuchefu. Dereva arudishe siti nyuma hadi kifua kiwe sentimita 25 au zaidi kutoka katikati ya usukani, na usukani auinamishe uelekee kifuani. Mkanda ni lazima, maana usipoufunga mwili unarushwa mbele na kulikuta kopo kwa karibu. Lakini hii ni ya kusubiria tu. Januari 2024 Toyota iliwaambia wenye Corolla, Matrix na RAV4 za 2003 hadi 2005 kama 50,000 huko Marekani wasiziendeshe kabisa mpaka zirekebishwe. Tangazo la gari lako likisema usiendeshe, paki.

Fundi Rewaya Igoma

Na tafadhali, usimpe fundi wa kona yoyote ang'oe eabegi "ili uwe salama". Utaratibu upo. Zima swichi, toa kichwa hasi cha betri, subiri sekunde 90 zisizopungua, kwa sababu moduli (kompyuta ya eabegi) ina akiba ya umeme ya kufyatulia mfuko hata betri ikiwa nje. Plagi zake ni za njano. Usiweke mita kupima waya wa kopo, umeme mdogo wa mita unaweza kulilipua. Ikishatoka, ilaze upande laini ukiangalia juu, usiibebe umeikumbatia.

Kuna mchezo unafanyika gerejini: taa ya SRS, yaani ya eabegi, ikiwaka, inawekwa rezista (kipingamizi cha umeme) ili moduli idhani eabegi ipo, au balbu ya taa inatolewa. Kipimo chake ni rahisi. Washa swichi bila kupiga stata. Taa ya SRS inatakiwa iwake kama sekunde sita, kisha izime. Isipowaka kabisa, mtu ameichezea. Ikibaki inawaka, mfumo una hitilafu na eabegi huenda zisifunguke.

Ikibaki inawaka na honi nayo haifanyi kazi, shuku kebo ya mzunguko iliyo nyuma ya usukani kabla ya kununua chochote. Kwenye Toyota mashine ya kupimia inaweza kusoma kodi B0101, waya wa eabegi ya dereva umekatika. Kebo hizo ziliwahi kuitwa kwenye tangazo la Aprili 2014 lililogusa magari milioni 6.39 duniani, kwa hiyo angalia chesisi kwanza, usilipie kitu ambacho kingeweza kuwa bure.

Eabegi ya mtumba kutoka gari lililokatwa ni hasara mbili. Ina umri uleule, na huenda ina kopo lilelile lililoitwa.

Kaka wa Spea Nyakato

Fundi amesema kweli, nami niliye upande wa kuuza naunga mkono: msinunue eabegi mtumba. Na ile iliyong'olewa ikiwa haijafyatuka, isiende kwenye chuma chakavu. Kopo zima likikutana na moto wa kuyeyushia linalipuka mbele ya kijana anayepepea makaa. Mwachie wakala aliyebadilisha.

Jambo la pili ni swichi za vioo. Oktoba 2012 Toyota iliita magari milioni 7.43 duniani, yakiwemo ya jamii ya Vitz na Corolla, kwa sababu grisi ya ndani ya swichi kuu ya mlango wa dereva haikupakwa sawasawa. Swichi inakwama, inapata moto, inatoa moshi. Dawa ilikuwa grisi maalumu ya florini. Tabia ya huku ni kupuliza kilainishi cha kopo ndani ya swichi ikianza kukwaruza. Kiwanda kilikataza jambo hilo waziwazi, kwa kuwa linaweza kuleta shoti na kuyeyusha swichi. Hata kama minivani yako haimo kwenye tangazo, swichi ikikwama itoe, badilisha.

Mpiga Mnada

Kutu pia. Aprili 2010 Toyota iliita Sienna za 1998 hadi 2010 huko Marekani, kama 600,000, kwa sababu chumvi inayomwagwa barabarani kwenye theluji ilikuwa inakula kebo inayoshikilia tairi la akiba chini ya gari, na tairi likaweza kudondoka njiani. Mwanza hatuna theluji, lakini magari yetu mengi yametoka kwenye theluji. AZR65 na ZRR75 zinasukumwa na magurudumu yote manne, na wanaozipenda sana ni wa maeneo ya baridi kama Hokkaido. Kwenye karatasi ya mnada, ile ya ukaguzi wa gari mnadani Japani, tafuta herufi S, ni kutu ya juu, na C, ni kutu iliyokwisha kula bati.

Gari likishafika, linyanyue. Gonga kwa bisibisi mabomba ya breki, shingo ya tangi la mafuta na winchi ya tairi la akiba. Shusha tairi mpaka chini, futa kebo kwa kitambaa: nyuzi zikinasa kitambaa, kebo imeanza kukatika. Tairi lihamishie ndani mpaka upate nyingine. Kwenye mwendo wa Usagara kuelekea Kigongo, likidondoka linamkuta wa bodaboda aliye nyuma yako.

Mama Ipsum Kirumba

Nimewaelewa, kaka zangu. Na mtu anayetaka kununua kwa mtu hapa mjini?

Chesisi Kwanza

Kabla ya kutoa hata shilingi ya kushika gari, omba picha ya kibati, siyo ya kadi. Iangalie mtandaoni ukiwa nyumbani. Ukienda kuliona, washa swichi na uhesabu zile sekunde sita ukiangalia taa ya SRS. Kisha tazama kifuniko cha usukani na cha dashibodi upande wa abiria: mshono uliobandikwa gundi au rangi isiyofanana na ya jirani yake ina maana mfuko ulishafyatuka, na huenda ndani ni patupu. Ukikuta 未 na muuzaji hana habari, mwonyeshe. Mara nyingi naye hakuwa akijua, na familia yake imekuwa ikikaa kwenye siti hiyohiyo.