Usingizi umenikimbia na piritoni (vidonge vya mafua na mzio) sitaki tena, naombeni ushauri

MsuliWaUsiku: Wakuu habari. Niko mwaka wa pili, hosteli, chumba cha watu wanne ila tuko sita, wawili wamebebwa (wanalala humu bila kupangiwa). Ni miezi miwili sasa napanda kitandani saa 4 usiku, nasikia mpaka adhana ya alfajiri. Piritoni mwanzo zilinilaza, sasa zinanikausha mdomo tu na kunizubaisha darasani. UE (mitihani ya mwisho wa muhula) ni mwezi ujao, naogopa sapu (kurudia mtihani). Kuna njia isiyo ya vidonge?

Mzee_wa_Sapu: Hamia lekcha ya saa 8 mchana, pale hakuna anayekosa usingizi.

DadaNesi: Mdogo wangu, msuli wa kusoma unapigia wapi? Mchana unalala?

MsuliWaUsiku: Kitandani, dada. Vimbweta (meza za zege za kusomea nje) vinajaa mapema. Mchana nalala saa 9 mpaka 11, nikiamka napiga kinywaji cha enaji kimoja.

DadaNesi: Hapo ndipo penyewe. Kitanda umekigeuza dawati, kwa hiyo ukikipanda akili inajua kazi imeanza. Mwanasaikolojia wa Marekani, Richard Bootzin, alitoa utaratibu huu tangu 1972: panda ukiwa unasinzia tu, zikipita kama dakika 20 macho makavu, shuka, rudi usingizi ukija. Simu usishike, saa usichungulie. Amka muda uleule hata Jumapili. Usingizi wa mchana acha. Na enaji ya saa 12 jioni, ikifika saa 5 usiku karibu nusu ya kafeini bado unayo mwilini.

MsuliWaUsiku: Nishuke niende wapi? Koridoni mbu, chumbani watu sita!

Mzee_wa_Sapu: Funika ndoo, kalia.

DadaNesi: Hata ndoo inafaa, mradi si kitandani.

Kijana_wa_Uyole: Mimi nilibana muda wa kukaa kitandani. Nilikuwa napata usingizi wa masaa 5 na nusu, nikajipa hayohayo: kupanda saa 7 usiku, kuamka saa 12 na nusu. Wiki ya kwanza nilikuwa zezeta. Ya pili nikalala kama gogo, nikawa naongeza dakika 15 kila wiki.

DadaNesi: Inasaidia, ila usijipe chini ya masaa 5 kitandani, na mwenye kifafa au anayeendesha boda aonane na daktari kwanza. Wewe mwenye UE mlangoni usiianze sasa, anza na ndoo.

MsuliWaUsiku: Mrejesho, siku ya tisa. Jana nimeshuka mara moja tu. Ila aliyebebwa kitanda cha chini anauliza kwa nini nakalia ndoo yake.