Naomba ushauri: kihisi cha mapigo kinadanganya mtu akitembea, nibadili modeli?

Mleta uzi: Wakuu, tasnifu yangu ya uzamili ni ya kupima mapigo ya moyo kwa mwanga kwenye kifundo cha mkono. Natumia chipu ya MAX30102 (kihisi cha mwanga), sampuli 100 kwa sekunde, data inaandikwa kwenye kadi ya kumbukumbu. Washiriki 18, data nimeikata madirisha (vipande) ya sekunde 8 yanayosogea sekunde 2. Kwenye kompyuta mtandao wa neva (modeli inayojifunza kukadiria mapigo) unafanya vizuri mno, ila mtu mpya akiuvaa na kutembea unasoma mapigo 110 kwa dakika, wakati elektrodi za kifuani zinasema 85. Niongeze tabaka za modeli?

Kichujio: Modeli iache kwanza. Hesabu hatua zake kwa dakika; zikiwa karibu 110, kifaa kinahesabu miguu. Kila hatua inatikisa damu na kusogeza kihisi juu ya ngozi, na masafa yake yanaangukia kwenye bendi ileile ya moyo, 0.5 hadi 4 Hz, kwa hiyo kichujio cha bendi (kinachopitisha masafa hayo tu) hakitenganishi kitu. Weka aksileromita (kihisi cha mwendo) ya mihimili mitatu kwenye bodi ileile, isomwe sambamba na kihisi cha mwanga kwa saa moja ya ndani ya kifaa, iwe rejea ya kichujio kinachojirekebisha, kiondoe mtikisiko wa hatua. Hatua na mapigo vikigongana kwenye masafa mamoja, kichujio kitayala mapigo pia. Hapo litie dirisha alama ya kutoaminika, usilazimishe namba.

Halafu chipu hiyo ina mwanga mwekundu na infraredi tu, inafaa zaidi kidoleni. Kifundoni tafuta yenye kijani, karibu nanomita 530. Melanini hufyonza sana kijani, hivyo rekebisha mkondo wa taa kwa kila mshiriki, na hakikisha usomaji haugongi dari, yaani namba kubwa kabisa chipu inayoweza kutoa: kwa biti 18 ni 262,143.

SaaNiMuhimu: Naongezea jambo ambalo wengi hulipuuza. Bafa (hifadhi ndogo ya muda) ya chipu hiyo inabeba sampuli 32, yaani sekunde 0.32. Kadi ikichelewa kuandika zaidi ya hapo, sampuli zinapotea kimyakimya na mapigo yanaonekana ya kasi kuliko yalivyo. Rekodi dakika 10 uhesabu: unatarajia takriban 60,000. Soma pia rejista ya chipu (sehemu yake ya kutunza namba) inayohesabu sampuli zilizopotea.

Mpimaji: Hayo matokeo "mazuri mno" ndiyo yananitia shaka. Madirisha mawili jirani yanashirikiana sekunde 6 kati ya 8. Ukiyachanganya kabla ya kugawa, data ya majaribio modeli imeshaiona. Gawa kwa watu: fundisha kwa 17, jaribu kwa mmoja, rudia mara 18. Wastani na vigezo vya kusawazisha vitoke kwa wale 17 pekee. Ripoti kosa la kila mtu. Wastani wa wote unamficha yule aliyeharibika.

Mleta uzi: Data niliyonayo inaokoleka?

Kichujio: Ya waliokaa, ndiyo, kama hesabu ya sampuli imetimia. Ya kutembea bila aksileromita sioni njia, kusanya upya. Ila kwanza peleka mabadiliko ya kifaa kwenye kamati ya maadili. Kibali ulichonacho kinahusu kifaa cha zamani.