Naomba ushauri: nilipie kunyoosha kitabu cha katuni kabla ya kukipeleka kwenye gredi?

Wakuu, habari zenu. Nina kitabu cha Marvel cha 1974. Jalada la mbele lina mabonyeo ya vidole, kona ya chini imejikunja na mgongo umepinda kidogo. Nataka kukituma CGC, kampuni ya Marekani inayokagua hali ya vitabu vya katuni na kuvipa gredi (alama za hadi 10), ambako kunyoosha hakuhesabiwi kuwa ukarabati.

Nimekiinamisha chini ya taa ya pembeni. Mabonyeo yanaonekana ila rangi haijakatika. Hayo hutoka kwa unyevu kidogo, joto la nyuzi 65 hadi 80 za Selsiasi na mgandamizo. Tatizo ni vimistari vitatu kwenye mgongo, karibu na pini ya juu: wino umepasuka hadi karatasi nyeupe inaonekana. Mkunjo utalala, weupe utabaki palepale. Je, gredi itapanda kweli au vimistari hivyo vitaizuia?

Hofu yangu kubwa ni pini. Zimeanza kutu, na unyevu ukizidi kutu itaingia kwenye karatasi. Mgandamizo ukizidi, pini zinajichora kwenye jalada. Fundi akikitoa kabla hakijapoa chini ya uzito, mgongo unarudi ulivyokuwa.

Mliowahi kutuma, fundi mnamuuliza nini kabla ya kumkabidhi kitabu? Karatasi ya silikoni anaiweka nyuma ya jalada tu, au na kurasa za katikati pia? Anakiacha kipoe kwa muda gani? Na kikitoka gredi ya 6.5 kikafika 7.5, bei inafidia malipo ya fundi?