Tunaenda kukarabati shule ya kijijini, tuanze na nini?

Mjitoleaji
Wakuu habari zenu. Kuna kikundi chetu cha kujitolea, tumekubaliwa kwenda kukarabati shule ya msingi kijijini wakati wa likizo, wengi wetu hatujawahi kushika hata mwiko. Rangi imebanduka, sakafu ina mashimo na bati zinavuja sehemu sehemu. Wenzangu wanataka tununue rangi tupige ndani na nje, mimi roho inasita naona kama tunakimbilia mwisho. Mliowahi kufanya hizi kazi mngeanzia wapi?

Fundi Ujenzi
Roho yako iko sahihi. Anzeni juu mshuke chini. Bati kwanza, kenchi, yaani mbao zinazobeba bati, mzikague kama zimeliwa na mchwa, halafu muangalie maji ya mvua yanaenda wapi, maana rangi kubanduka mara nyingi sio ubaya wa rangi ni maji, yanavuja toka juu au yanapanda toka chini kwa vile udongo wa nje umelundikana mpaka umepita usawa wa sakafu. Huo udongo uondoeni na mchimbe mtaro, kazi hiyo haitaki ufundi. Zege jipya la sakafu limwagilieni maji angalau siku 7, nguvu yake kamili inahesabiwa likifika siku 28. Plasta mpya nayo ikae kama wiki 4 kabla ya rangi ya mafuta, la sivyo inafura malengelenge.

Dada Afya
Naongezea, kabla ya kukwangua chochote jueni rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, vumbi lake linaharibu ubongo wa mtoto na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango salama. Msikwangue kavu, lowesheni kwanza, na watoto wasiwepo jamani. Paa likiwa la asbesto, zile shiti ngumu za saruji yenye nyuzi za madini, msilikate wala kulitoboa, waitwe wanaojua.

Ticha
Mmewauliza walimu na kamati ya shule? Shule niliyokuwa nafundisha walikuja watu wema kabisa wakapaka mpaka ubao kwa rangi ya kung'aa, chaki haikamati na mtoto wa pembeni anaona mng'ao tu. Tungeulizwa tungesema choo cha wasichana, mlango unaofungika kwa ndani na maji karibu, kuna mabinti wanakosa masomo kila mwezi kwa ajili hiyo. Halafu mlipeni fundi wa palepale awaongoze, nyie mbebe mchanga na maji, maana mkishaondoka bati likichomoka ni yeye atakayeitwa.

Mjitoleaji
Asanteni sana, kamati nawapigia leo hii. Likizo ni wiki 3 tu kwahiyo rangi ya mafuta kwenye plasta mpya tunaiacha. Fundi, huo mtaro ukae umbali gani na ukuta?

Fundi Ujenzi
Kama mita moja hivi, usiguse msingi, na uwe na mteremko maji yasisimame. Hela ikibaki mwageni zege jembamba kati ya ukuta na mtaro, liinamie nje.