Eti "hamjazoea baga"! Meneja wa Masaki mnamjua, njooni hapa

binti_wa_daftari ameandika:

Wakuu, naandika nikiwa bado kwenye bajaji, mikono inatetemeka, makosa ya kuandika mtanivumilia.

Ule mgahawa wa Masaki mnaujua. Siutaji. Ule wenye taa za njano zinazoning'inia kwenye kamba za katani, viti vya chuma vinavyoacha mistari kwenye mapaja, na menyu ya chaki ubaoni ili ukitaka kusoma bei usimame kila mtu akuone. Huo huo. Na meneja wake mnamjua, yule wa miwani ya jua utosini saa mbili usiku.

Sasa sikilizeni. Mimi na shoga yangu tuna daftari. Tangu mwaka jana tunazunguka jiji hili la Dar tukila baga na kuzipa alama: mkate, nyama, sosi, chipsi, na safu ya mwisho tunaiita "majuto", yaani ukishalipa moyo unakwambia nini. Tumekula Kariakoo. Tumekula Sinza, baga za nyama nyembamba ambayo ukiinyanyua kwenye mwanga unamwona muuzaji upande wa pili. Tumekula Mikocheni, Mbezi, Tabata. Kuna kaka mmoja Mwenge anachoma kwenye bamba la chuma la chapati, anaweka yai, kachumbari na pilipili mbuzi, sh. 5,000, nyama imeiva na imeshika ukoko, tukampa tisa. Kwa hiyo baga tunazijua. Hilo liwekeni kichwani maana ndiko ninakoelekea.

Leo tukasema twende kwa wakubwa. Baga sh. 32,000. Chipsi? Zinanunuliwa peke yake, 8,000. Jibini? 4,000. Juisi ya embe 9,000, nchi yenyewe ya maembe hii. Halafu kwenye kona ya ubao, kwa maandishi ya kusomwa na sisimizi, "bei haina VAT". Weka asilimia 18 yako hapo. Sh. 62,540 kwa kichwa. Kwa KICHWA, na kichwa chenyewe bado kina njaa.

Tukasubiri mpaka mtoto wa meza ya jirani akaota jino. Baga ikaja juu ya ubao wa kukatia vitunguu, sahani sijui wamezipeleka wapi. Imechomwa kijiti cha mshikaki katikati isianguke. Nikang'ata. Baridi. Nikaifungua. Wakuu, nyekundu. Inatiririka. Mkate wa chini umeshakuwa uji. Ukitega sikio unasikia kengele ya shingoni.

Nikamwita mhudumu kwa adabu zote: "Samahani dada, naomba mnirudishie jikoni iive." Dada wa watu akaenda, akarudi naye. Miwani utosini. Akaitazama baga, akanitazama mimi, akatazama viatu vyangu (VIATU wakuu, viatu vinahusikaje na nyama), akasema kwa ile sauti ya kumbembeleza mgonjwa:

"Dada, huu ndio upishi wake. Nadhani labda hamjazoea baga."

HAMJAZOEA BAGA.

Mimi! Mwenye daftari!

Na hakuninong'oneza. Alisema mpaka yule mtoto akageuka kumwangalia mama mzima ambaye hajazoea baga.

Shikeni viti sasa. Shoga yangu, niliyelala naye kitanda cha chini na cha juu bwenini, akacheka. AKACHEKA. Akachukua kalamu akaandika nane. Nane ya nini? Eti "mkate mzuri, na mandhari". Mandhari tumeanza kuyala lini?

Bei sina shida nayo. Kusubiri, nimesubiri mwendokasi, sembuse nyama. Ubao, haya. Lakini "hamjazoea"? Kuna zahanati ya kuzoeshwa baga? Mnachanjwa? Yeye kwao walizipanda shambani? Mtu ananipa ng'ombe ambaye hajaambiwa kwamba amekufa, nikisema hajaiva, tatizo ni mazoea yangu!

Hamjazoea. Miwani usiku. Hamjazoea.

Ile nane nimeifuta kwa wino mpaka karatasi imetoboka. Mnaomjua mfikishieni.

mzee_wa_kachumbari:

Nimewahi siti ya mbele. Picha iko wapi? Uzi bila picha ni chai.

binti_wa_daftari:

Picha alipiga shoga. Kaiweka statasi na maneno "jioni njema" na kikopa.

mzee_wa_kachumbari:

Aisee, huyo shoga anakumaliza.

Kidume wa Mbagala:

Mkuu, elfu sitini na mbili?? Huku Rangi Tatu hiyo nakula chipsi yai na mishikaki wiki nzima, na jirani namwita. Ninyi ndio mnaofanya maisha yapande.

binti_wa_daftari:

Mimi ni mwanamke.

Kidume wa Mbagala:

Sawa mkuu.

tunda_damu:

Jamaa hajakosea. Aliyezoea angeshajua kwamba pale hawapiki, wanapasha moto mwonekano wako tu. Umekwenda na viatu gani kwani?

binti_wa_daftari:

VIATU VINA SHIDA GANI

tunda_damu:

Naona ni makubazi. Endelea.

Bwana Afya:

Niingie kidogo, mtanisamehe. Utani kando, hapo kuna hatari. Kipande kizima cha steki kikiwa chekundu ndani si jambo kubwa, kwa sababu vijidudu hukaa juu na moto unaviua. Nyama ya kusaga ni kesi nyingine: ile ya juu imeshachanganywa na ya ndani, kwa hiyo kilichokuwa juu sasa kiko katikati. Ndiyo maana Wamarekani wenyewe, wenye baga yao, wanashauri ndani ifike nyuzi joto 71 za Selsiasi. Mwaka 1993 huko kwao baga ambazo hazijaiva vizuri ziliua watoto wanne na watu mamia wakaugua, bakteria wa E. coli hao. Kwa hiyo akikwambia hujazoea, mwambie hata wenyewe hawajazoea.

Kidume wa Mbagala:

Daktari umetuharibia uzi, tulikuwa tunacheka.

jiko_namba_mbili:

Mimi nimefanya kazi majiko ya kule, sio hilo, msinitafute. Nyekundu NA baridi maana yake moja: imetoka kwenye friza jiwe, ikabandikwa moto mkali, nje ikababuka, katikati barafu. Angekuletea nyekundu ya moto ningesema ni ufundi. Huo ni usahaulifu wa mtu aliyetakiwa kuzitoa mchana. Meneja alijua. Wanafundishwa kusema "ndio upishi wake", mteja akionekana mnyonge anakubali.

binti_wa_daftari:

Asante!! Na mimi sikukubali! Ndipo akaniambia HAMJAZOEA!

tunda_damu:

Tulishasoma dada.

mhasibu mstaafu:

Nauliza swali dogo. Hiyo asilimia 18 umepewa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi?

binti_wa_daftari:

Karatasi ya kuandikwa kwa kalamu. Juu imeandikwa "karibu tena", wamechora na ua.

mhasibu mstaafu:

Basi serikali haijaona hata ndururu. Umemchangia miwani ya pili.

mzee_wa_kachumbari:

Ya mchana 😂😂😂

Mwana wa Malindi UNG:

Nyinyi watu wa bara hamna raha. Mnalipa mali yote hiyo kula nyama mbichi, na huku kwetu Zanzibar, Forodhani jioni unakaa unapigwa na upepo, unakula mishkaki, unakula urojo, hakuna anayekutazama kiatu. Lakini na miye nina langu. Urojo siku hizi si urojo, ni maji ya njano. Kachori moja, bajia mbili, viazi unavitafuta kwa kijiko. Ukisema unaambiwa unga umepanda. Wallahi nimenyamaza sana.

tunda_damu:

Forodhani hiyo hiyo niliyotajiwa pweza kwa dola? Nimetoka Tabora, shati limeandikwa jina la benki ya wakulima, mtu ananitajia dola!

Mwana wa Malindi UNG:

Uliuliza kwa Kiingereza.

tunda_damu:

Nilisema "habari".

Mwana wa Malindi UNG:

Ndo hiyo. Ungetoa salamu kwanza.

msee_wa_umoja:

Majirani, salamu kutoka Nairobi. Nyinyi mnalilia baga haijaiva? Sisi Januari 2022 ile kampuni kubwa ya kuku kutoka Marekani ilikosa chipo. CHIPO! Nyandarua viazi vinaoza kando ya barabara, wao wanangoja vya ng'ambo vilivyokwama kwa sababu ya meli. Wakaulizwa si mnunue hapa nyumbani, wakajibu eti muuzaji lazima apite ukaguzi wao kwanza. Kiazi cha mkulima wetu kifanyiwe mahojiano ya kazi! Watu tulikasirika nchi nzima.

Kidume wa Mbagala:

Na mkaacha kwenda?

msee_wa_umoja:

Hiyo tuiache.

jiko_namba_mbili:

Kwa upande wa jiko wana hoja kidogo. Kiazi chenye sukari nyingi kikikaangwa kinakuwa cheusi kabla hakijaiva, na mtu anayeuza matawi mengi anataka chipsi zifanane.

msee_wa_umoja:

Tumekusikia meneja. Vua miwani.

binti_wa_daftari:

HAPO SASA! Miwani! Turudi kwenye mada jamani. Mimi nimeambiwa mbele ya watu, na mtoto akiwepo, kwamba

shoga_mwenyewe:

Habari za usiku. Mimi ndiye shoga. Nane inabaki.

mzee_wa_kachumbari:

UZI UMEKUWA UZI. Ongezeni viti.

shoga_mwenyewe:

Hajawaambia kwamba yangu ilikuja imeiva. Hajawaambia pia kwamba yule kaka wa Mwenge alimpa tisa kwa sababu kaka alimwita "mrembo", siku hiyo mkate ulikuwa wa juzi. Na sikumcheka yeye. Nilicheka alivyomjibu meneja, "Unajua mimi ni nani? Mimi nina daftari!"

tunda_damu:

Nimeanguka kwenye kochi.

binti_wa_daftari:

Kwanza nirudishie nusu ya bajaji.

shoga_mwenyewe:

Bajaji uliondoka nayo peke yako. Mimi bado niko hapa, namalizia chipsi zako.

Bwana Afya:

Chipsi zikipoa zirudishwe kwenye moto, dada.

Kidume wa Mbagala:

Daktari pumzika. Mimi niko upande wa shoga, ana roho ya uongozi. Ila jambo linaloniuma mimi si la Masaki, ni la hapa hapa mtaani. Chipsi yai zamani ilikuwa yai mbili, unaona yai limeshika viazi, ukigeuza inageuka sahani nzima. Sasa hivi jamaa anapasua yai moja, anazungusha kikaango, viazi vinabaki kila kimoja na maisha yake. Nimelipia yai mbili, naona moja. Namwuliza, ananiambia la pili "limeingia ndani".

mzee_wa_kachumbari:

Kwangu ni kachumbari. Nyanya ikipanda tu, kachumbari inakuwa kabichi na maji ya siki. Nimelisema hili humu tangu jina langu lilipofunguliwa.

Mwana wa Malindi UNG:

Kabichi kwenye chipsi ni dhambi.

mhasibu mstaafu:

Muuza chipsi wangu anaweka kabichi juu ili usione viazi vimepungua. Nimemfuatilia. Kibakuli alichokuwa anapimia kimebadilika, hiki kipya kina kitako kilichoingia ndani.

Kidume wa Mbagala:

Mzee umekagua mpaka kitako cha kibakuli 😂 Lakini kweli kabisa, na wa kwangu anacho!

binti_wa_daftari:

Kwa hiyo hakuna anayejali kwamba NILIAMBIWA SIJAZOEA

msee_wa_umoja:

Tunajali sana. Hiyo chipsi yai inauzwaje huko kwenu? Huku mayai yamepanda, mtu wa mayai pasua anakata yai nusu na anakutazama.

Kidume wa Mbagala:

Inategemea mtaa. Kwangu 3,000, hilo yai la "ndani" likiwemo.

kuku_wa_kitunda:

Wadau, kwa wenye vibanda na majumbani, nina mayai ya kienyeji na ya kisasa kwa trei, nipo Kitunda, jumla na rejareja, hadi Mbagala naleta kwa bodaboda. Njoo inboksi.

mhasibu mstaafu:

Risiti unatoa?

kuku_wa_kitunda:

Mzee, chukua trei mbili tuyamalize.

Kidume wa Mbagala:

Mayai yako makubwa au ndio yale ya kuingia ndani?