Woshi za MAC Aura zilizotumika kutoka Ulaya au mpya za Kichina?

Stejini_Mwanza:
Habari wakuu, naombeni ushauri. Nafanya taa za harusi na mikutano ya injili huku Mwanza, mpaka sasa nina pakani za LED tu (taa zisizozunguka) na wateja wameanza kuulizia muvingi hedi, yaani taa zenye kichwa kinachozunguka. Kuna jamaa Dar ana woshi (muvingi hedi za kumwaga mwanga mpana) nne za Martin MAC Aura zilizotoka kampuni ya kukodisha vyombo Ulaya, anasema zote zinawaka. Kwa hela hiyohiyo nimeambiwa napata sita mpya za Kichina zenye lenzi 19 vilevile. Halafu ana MAC 2000 Wash mbili ananiachia kwa bei ya kutupa. Nichukue zipi na nikifika nikague nini hasa?

Fundi_Laini:
Mkuu hizo 2000 achana nazo kabisa. Globu ya wati 1200, taa moja inapita kilo 30, kuipandisha kwenye trasi (fremu ya kuning'inizia taa) mpaka watu wawili, na globu ikichoka ni ya kuagiza. Aura ni LED, ina kama kilo 6 tu, ukiziwasha zote nne full bado hazili umeme wa 2000 moja, na wewe unayetegemea jenereta huko viwanjani utaelewa hilo linamaanisha nini.

Ukifika usikubali kuwashiwa rangi mchanganyiko, pale ubovu unajificha. Mwambie awashe nyekundu peke yake full, halafu kijani, halafu bluu, halafu nyeupe, na kila rangi uhesabu lenzi zote 19, maana LED yenye rangi nne inaweza kufa rangi moja tu na hutaona mpaka uitenge. Halafu zumu (kupanua na kubana mwanga), inatakiwa itoke nyuzi 11 mpaka 58 taratibu bila kukwama, ikisitasita katikati ujue kuna kazi humo ndani. Mwisho iache inawaka nusu saa nzima huku inatembea, ikipata moto ndo utasikia feni inalia au kichwa kinapoteza pozisheni.

Binti_wa_Trasi:
Naongezea hapo. Zipange zote nne zielekee ukuta mmoja mweupe, weka nyeupe kwa kiwango kilekile zote. Kama moja inavuta upande wa waridi na nyingine kijani basi hazijazeeka sawa, na kwenye harusi bibi harusi amevaa nyeupe kamera itakuumbua. Pia ingia kwenye menyu usome masaa ya kazi ya kila moja, andika pembeni.

Na usisahau ule mwanga wa nyuma ya lenzi, ndo uliozipa jina la Aura, una LED zake tofauti kabisa. Ukijaribu kwa chaneli 14 (chaneli ni namba ambazo meza ya taa inatumia kuiamuru taa) huwezi kuutawala wenyewe, mwambie aziweke modi ya chaneli 25 uuone rangi kwa rangi.

Stejini_Mwanza:
Asanteni sana, hilo la mwanga wa nyuma nilikuwa silijui kabisa. Na za Kichina je?

Fundi_Laini:
Zipo nzuri kaka, sizibezi, tatizo ni spea. Leo unanunua sita, mwakani moja inaungua bodi, ukirudi dukani toleo limeshabadilika, hata rangi haifanani na zako. Aura imekaa sokoni miaka mingi, bodi na feni zake unapata hata kutoka kwenye mbovu zinazouzwa kama skrepa. Ila kama hizo nne zikifeli ukuta mweupe wa dada hapo juu, chukua mpya bila kujiuliza.

Binti_wa_Trasi:
Ukizichukua zipe adresi (chaneli ya kuanzia ya kila taa) 1, 26, 51 na 76, na taa ya mwisho kwenye laini ya waya wa amri chomeka tamineta (plagi ya kufunga mwisho wa laini) ya omu 120 kati ya pini 2 na 3. Waya wa usalama kwenye kila taa hata kama klempu ni mpya, chini pale kuna watu wanacheza.